Si Kila Regal Nyeusi Ni Grand National

Buick Regal mbili za mwaka 1987 zinaweza kusimama bega kwa bega, zote nyeusi, zote milango miwili, zote na nundu kwenye boneti, na moja, ile iitwayo Grand National, ikauzwa kwa bei ambayo ingenunua kadhaa za mwenzake. Kwa macho ni pacha. Rangi inapakwa popote, boneti yenye nundu inanunuliwa, na nembo za pembeni zinauzwa mpya hadi leo. Kisichoigizika kirahisi ni mfumo mzima wa injini: V6 (silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 3.8 yenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa zaidi ndani ya silinda, na kila kitu kilichobadilishwa ili injini hiyo iishi, kuanzia breki hadi nyaya za pampu ya mafuta. Ukiielewa injini, majina yanayochanganya watu yanajipanga yenyewe, na utajua pia gari hili linaugua wapi na kwa nini.

Kupe (gari la milango miwili) ya kati ya General Motors

Regal ilianza mwaka 1973 kama toleo la kifahari la Buick Century. Kizazi kinachotuhusu ni cha 1978 hadi 1987, pale General Motors ilipoyapunguza magari yake ya ukubwa wa kati. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,746, bodi imekaa juu ya fremu ya chuma inayojitegemea, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Mwanzoni ndani ya kampuni bodi hii iliitwa A. Mwaka 1982 herufi hiyo ikapewa magari mapya yanayosukumwa na magurudumu ya mbele, na hili likaitwa G. Ndugu zake ni Chevrolet Monte Carlo, Oldsmobile Cutlass Supreme na Pontiac Grand Prix, ndiyo maana vipuri vingi vya mguu wa mbele, stelingi na fremu vinaingiliana. Vya injini ya tabo haviingiliani, na hapo ndipo pesa za mwenye gari huenda.

Injini iliyouzwa kisha ikanunuliwa tena

V6 ya Buick ilitoka mwaka 1962. Iliundwa kwa kufuata mpango wa V8, ili mashine zilezile za kiwandani ziweze kuichonga, kwa hiyo safu zake mbili za silinda zimeachana kwa digrii 90. Kwa silinda nane pembe hiyo inafaa kabisa. Kwa sita inaleta tatizo: pistoni mbili zinazotazamana zilishirikiana pini moja ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na matokeo yake silinda moja ililipuka digrii 90 baada ya mwenzake, inayofuata ikasubiri digrii 150, kisha 90, kisha 150. Injini ikawa inachechemea, hasa ikiwa sailensa, yaani inapozunguka bila kukanyagwa mafuta.

Mwaka 1967 Buick iliuza mitambo ya kutengenezea injini hiyo kwa Kaiser-Jeep. Ikatumika kwenye Jeep, kisha American Motors ikainunua Jeep mwaka 1970 na V6 ikawekwa kando. Baadaye ukaja uhaba wa mafuta wa 1973. Wamarekani waliozoea V8 wakaanza kuhesabu kila galoni, na Buick haikuwa na injini ndogo ya kuwapa. Mwaka 1974 ikainunua tena mitambo yake, ikapanua silinda, na mwaka 1975 injini ikarudi sokoni ikiwa na inchi za ujazo 231, ambazo ndizo lita 3.8.

Kuchechemea kulitibiwa mwaka 1977, na dawa yenyewe ni nzuri kuitazama kwa karibu. Kila pini ya krenki iligawanywa mara mbili, nusu moja ikasogezwa digrii 30 kutoka kwa nyingine. Ukiongeza 30 kwenye 90 unapata 120. Ukipunguza 30 kwenye 150 unapata 120. Mlipuko kila digrii 120, mara sita katika mizunguko miwili ya krenki. Bila hatua hiyo, injini ya tabo iliyokuja baadaye isingekuwa na utulivu wa kuuzwa kama gari la kifahari.

Tabo ilionekana hadharani mwaka 1976, Buick Century yenye V6 ya tabo ilipoongoza msafara wa mbio za Indianapolis 500. Mwaka 1978 ikaingia dukani ndani ya Regal Sport Coupe: nguvu farasi 150 kwa kabureta ya matundu mawili, 165 kwa ya matundu manne. Kabureta ilikaa kabla ya tabo, hivyo tabo ilivuta mchanganyiko wa hewa na petroli na kuusukuma safari ndefu hadi kwenye silinda. Njiani petroli ilijikusanya kwenye kuta za bomba, silinda moja ikapata nyingi na nyingine kidogo. Inayopata kidogo ndiyo inayoyeyusha pistoni.

Mwaka 1984 ndio mwaka wa mageuzi. Kabureta iliondoka, kila silinda ikapata nozeli yake inayopuliza kwa zamu yake, sensa ikapima uzito wa hewa inayoingia, na distribyuta ikatoweka, nafasi yake ikachukuliwa na koili tatu zinazoamriwa na kompyuta. Nguvu ikawa farasi 200. Mwaka 1986 ikaongezwa intakula, kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo. Hewa ikigandamizwa hupata moto, na hewa ya moto hubeba oksijeni kidogo na huchochea injini kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe kabla ya wakati, kwa hiyo kuipoza kabla ya kuingia silinda kunaleta faida mbili kwa mkupuo. Farasi wakafika 235, na mwaka 1987 wakafika 245 pamoja na toki ya Nm 481. Corvette ya mwaka huohuo, gari la michezo la kampuni ileile lenye V8 ya lita 5.7, ilitangazwa kuwa na farasi 240. Ukweli huu ndio uliowafanya watu wamsikilize muuzaji wa Buick, chapa ambayo hadi hapo ilihesabika kuwa ya wazee wastaarabu.

Majina yanayochanganya

Jina Grand National lilitoka kwenye mbio za magari za NASCAR za Marekani, ambazo ligi yake kuu wakati huo ilibeba maneno hayo. Regal ilitamba huko: Richard Petty alishinda Daytona 500 ya 1981 akiwa ndani yake, Bobby Allison akashinda ya 1982, na Darrell Waltrip akachukua ubingwa wa miaka yote miwili. Magari yale ya mbio yalikuwa na V8, hayakuchangia chochote na V6 ya dukani isipokuwa umbo na jina.

Grand National ya kwanza, ya 1982, huwashangaza wengi. Haikuwa nyeusi yote bali ya fedha na kijivu cha mkaa, zilitengenezwa 215 tu, na karibu zote zilikuwa na V6 ya lita 4.1 isiyo na tabo, farasi 125. Mwaka 1983 haikuwepo. Iliporudi 1984 ndipo ikawa nyeusi tupu na yenye tabo, na ikabaki hivyo: takriban 2,000 mwaka 1984, 2,102 mwaka 1985, 5,512 mwaka 1986 na 20,193 mwaka 1987.

Injini ileile ya tabo iliuzwa pia ndani ya Regal ambazo si Grand National. Hadi 1986 ziliitwa T-Type, mwaka 1987 zikaitwa Turbo T, na hata Regal Limited yenye viti laini iliweza kuagizwa nayo. Zilipatikana kwa rangi mbalimbali, nyeusi ikiwemo. Kuna pia Turbo T ya kifurushi cha WE4, zilizotengenezwa 1,547, ambazo zilipunguzwa uzito kwa kutumia alumini kwenye vishikio vya bampa na sehemu nyinginezo. Kwa anayetaka kuendesha kuliko kuhifadhi, naiona Turbo T kuwa chaguo la busara zaidi. Mashine ni ileile, bei huwa ya chini.

GNX ni hadithi ya peke yake. Grand National 547 za 1987 zilipelekwa kwa kampuni za ASC na McLaren, zikafungwa tabo kubwa zaidi yenye gurudumu la kauri, ambalo ni jepesi na hivyo huanza kuzunguka mapema, intakula bora na programu mpya ya kompyuta. Kiwanda kilitangaza farasi 276 na Nm 488. Ekseli ya nyuma iliongezewa mhimili mrefu wa kuizuia isijisokote na fimbo ya kuizuia isihame pembeni. Matairi yakawa 245/50 mbele na 255/50 nyuma kwenye rimu za inchi 16, na kwenye mabawa ya mbele yakawekwa matundu ya kutolea joto. Geji za taa zikaondolewa, zikawekwa za mshale. Bei ilikuwa dola 29,900. Grand National ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani Pontiac, Michigan, tarehe 11 Desemba 1987, wakati Regal mpya ya magurudumu ya mbele ilikuwa tayari mlangoni.

Kusoma namba

Simama nje ya kioo cha mbele upande wa dereva na usome namba ya chesisi yenye tarakimu 17. Ya 8 ndiyo injini: kwa 1986 na 1987, 7 maana yake ni V6 ya tabo yenye intakula, kwa 1984 na 1985 ni 9. Ukikuta A, hiyo ni V6 ya kabureta isiyo na tabo, hata kama kuna tabo imening'inia chini ya boneti. Ya 10 ni mwaka: E ni 1984, F ni 1985, G ni 1986, H ni 1987. Ya 11 ni kiwanda, na P ni Pontiac.

Hapo wengi hukosea. Namba hiyo inathibitisha tabo, haithibitishi Grand National, kwa sababu T-Type nayo ina 7. Fungua buti utazame upande wa ndani wa mfuniko wake. Kuna karatasi yenye orodha ya misimbo ya herufi na namba iliyobandikwa kiwandani. LC2 ni injini ya tabo ya 1986 na 1987. WE2 ndiyo Grand National. WE4 ni ile Turbo T nyepesi. Karatasi ikiwa imebanduliwa, muulize muuzaji hati za kiwandani, na zikikosekana lipa bei ya Turbo T.

Adui ni kugonga

Karibu kila injini ya LC2 iliyokufa ilikufa kwa njia moja. Mchanganyiko ndani ya silinda ulilipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujasambaa taratibu, shinikizo likaruka ghafla, hedi ikanyanyuka kidogo sana na gasketi ikapasuka. Dalili ni mapovu kwenye rejeta, moshi mweupe na gari kukosa nguvu. Kabla ya hapo plagi hutoa taarifa: ukiona vitone vidogo vinavyong'aa kwenye kauri nyeupe ya plagi, hiyo ni alumini ya pistoni yako. Acha kusukuma gari mpaka upate sababu.

Sababu ya kwanza ni petroli hafifu. Vitabu vya Marekani vinaposema petroli ya 91 au 93, namba hiyo ni oktani, uwezo wa petroli kuhimili kugonga, na ni wastani wa vipimo viwili. Nchi nyingi, za Afrika Mashariki zikiwemo, hutumia kimoja kati ya hivyo, RON, peke yake, ambacho kwa petroli ileile husomeka juu zaidi. Kwa hiyo 93 ya Marekani iko karibu na RON 98, na aliyeingiza gari hili akalijaza RON 93 anadhani amefuata kitabu kumbe yuko mbali nacho.

Sababu ya pili, na inayosahaulika zaidi bila kuchunguzwa, ni msukumo wa mafuta. Regileta ya mafuta imeundwa iongeze psi 1 (kipimo cha shinikizo) ya mafuta kwa kila psi 1 ya tabo, kwa sababu nozeli inapuliza dhidi ya hewa iliyogandamizwa. Funga geji kwenye reli ya nozeli. Injini ikiwa sailensa, chomoa mpira mwembamba wa vakuamu kwenye regileta: gari lisilobadilishwa chipu lisome kati ya psi 36 na 40. Rudisha mpira, pitisha paipu ya geji chini ya ukingo wa boneti, ishikize geji kwenye kioo cha mbele kwa tepu, kisha panda mlima mrefu ukikanyaga. Ikiwa ulianza na 38 na tabo inasukuma 14, geji ifike 52. Ikifika 45 ikagoma, au ikapanda kisha ikaporomoka, ondoa mguu mara moja.

Kabla ya kununua pampu mpya, badilisha chujio, kisha pima umeme kwenye pampu yenyewe iliyo ndani ya tangi wakati inafanya kazi. Waya wa kiwandani ni mwembamba na ni mrefu. Alteneta inaweza kutoa volti 13.5 na pampu ikaonja 11 tu. Tiba inayokubalika ni kuvuta waya mnene wenye fyuzi kutoka alteneta hadi nyuma, na kuacha waya wa zamani uamuru rilei tu. Kazi hii ni ya mchana mmoja, na kwa maoni yangu hakuna kitu cha bei ndogo kinacholinda injini hii kuliko hiki.

Kosa la kawaida ni kuongeza msukumo wa tabo kwanza. Fimbo inayoendesha wesgeti, valvu inayodhibiti msukumo wa tabo, ina nyuzi, ukiifupisha mizunguko michache tabo inasukuma zaidi, na gari linaruka kweli. Kwa wiki moja. Geji ya kiwandani ya msukumo ni mstari wa taa tu, haina usahihi wa kuaminiwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo funga ya mshale kabla ya kugusa fimbo. Mwanya wa plagi nao upunguze: wengi huweka kati ya mm 0.8 na 0.9, kwa kuwa hewa nzito huzima cheche ya mwanya mpana.

Yanayoharibika mengine

Breki huwatisha wageni. Kuanzia 1985 gari la tabo lilipewa mfumo wa Powermaster: badala ya buta la vakuamu, kuna mota ya umeme inayosukuma mafuta ya breki hadi kwenye tufe la chuma lililojazwa nitrojeni, linalohifadhi shinikizo. Ukiwasha swichi utaisikia ikinguruma kisha ikanyamaza. Kanyaga pedeli mara moja au mbili, isiamke. Ikiamka kila ukikanyaga, tufe limeishiwa. Isiponguruma kabisa pedeli itakuwa ngumu kama jiwe, na gari la kilo takriban 1,600 halisimami kwa mguu mtupu. Kabla ya kulegeza nati yoyote zima swichi na ukanyage pedeli mara 10 au zaidi hadi iwe ngumu, maana shinikizo lililobaki linaweza kukurushia mafuta usoni. Wengi sasa huhamia kwenye buta la vakuamu lenye valvu ya njia moja.

Pampu ya oili iko ndani ya kifuniko cha mbele cha alumini, gia za chuma zikizunguka moja kwa moja juu ya alumini. Ikichakaa, shinikizo la oili hushuka injini ikipata moto. Ukiifungua, usiirudishe kavu: jaza vaselini nafasi zote kati ya gia, la sivyo pampu haitavuta na beringi zitazunguka bila oili dakika ya kwanza tu. Kamshafti inasugua tapeti bapa, hivyo tumia oili yenye zinki ya kutosha. Tabo yenyewe hupozwa na oili, kwa hiyo baada ya mwendo mkali iache injini sailensa dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Oili ikitapakaa kwenye vifuniko vya valvu au kijiti cha kupimia kikijitoa, tazama valvu ya PCV, inayotoa mvuke wa ndani ya injini. Inatakiwa kufunga tabo inaposukuma. Ikivuja, hewa ya tabo inaingia kwenye krenki na kusukuma oili nje kupitia kila sili.

Giaboksi ni otomatiki ya gia nne, 200-4R, imara ikiwa kebo yake inayounganishwa na pedeli ya mafuta imerekebishwa sawasawa. Ikilegea, shinikizo la ndani linapungua na klachi zinaungua ndani ya kilomita chache. Kwenye bodi, ingia chini ukague fremu nyuma ya magurudumu ya nyuma, huko kutu hula kutoka ndani. Ikiwa paa lina vioo vinavyotolewa, nyanyua zulia upapase sakafu.

Gari likizima ghafla likiwa na moto kisha likawaka baada ya kupoa, mshuku sensa wa krenki. Yuko jirani na puli ya chini, na akikaa vibaya pete inayozunguka humkwangua. Kompyuta nayo husema kwa taa yake. Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi ya matundu 12. Injini ikiwa imezimwa, unganisha kwa kipande cha waya matundu A na B, mawili ya mwisho kulia safu ya juu, kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa itawaka mara moja, itapumzika, itawaka mbili: hiyo ni 12, maana yake kompyuta iko hai. Kila msimbo hurudiwa mara tatu. 34 ni sensa ya hewa, 41 ni sensa ya kamshafti, 43 ni mfumo wa kuzuia kugonga, na 44 ni mafuta machache. Ukikuta 43 na 44 kwa pamoja, gari hilo lisikanyagwe hata mara moja kabla geji ya mafuta haijafungwa.